Halishiki

Stata inazunguka, tena kwa nguvu,
kwa hiyo betri si mgonjwa wetu, muacheni apumzike.

Mnunuzi anakuja saa sita kutoka Zestaponi,
pesa taslimu, kasema kwa simu, hataki maneno mengi.
Nami nipo uani, Kutaisi, mwezi wa pili,
theluji imekuwa tope chini ya magoti yangu,
boneti wazi kama kinywa kwa daktari wa meno,
na Lada ya baba, rangi ya maziwa yaliyolala,
inaguna: ngu-ngu-ngu-ngu, kisha kimya.
Neno liko ulimini, halitoki.

Zhuzhuna wa ghorofa ya tatu kafungua dirisha:
"Mafuta! Marehemu hakuwahi kujaza tangi!"
Tariel, koti juu ya nguo za kulala, anasema kabureta.
Kijana wa Lamara anasema uzeni chuma chakavu.
Uani kwetu kila mtu ni fundi,
mradi mikono yake imo mfukoni.

Baba, kabla hajanifundisha kuendesha, alinifundisha hili:
usibadilishe usichokipima.
Basi napima.

Navua kifuniko cha chujio la hewa, navuta waya wa aksileta:
petroli inaruka kooni mwa kabureta,
uzi mwembamba, safi, harufu inanipanda machoni.
Mafuta yapo, Zhuzhuna. Funga dirisha, baridi inakuingilia.

Nafungua plagi ya kwanza. Imelowa.
Imelishwa, ila imekosa moto wa kupikia.
Naiegemeza kwenye chuma cha injini, namwambia mama: zungusha.
Mama, katika kiti cha dereva
kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na mmoja,
anazungusha huku kafumba macho, kama anachomwa sindano.
Natazama mwanya wa plagi.
Hakuna cheche. Hata ile ya njano, ya kivivu, hakuna.

Kujua unachokikosa ni nusu ya kukipata,
ingawa nusu iliyobaki ndiyo hula mchana.

Platini nimezisugua kwa tupa ya kucha ya mama.
Kifuniko cha distribyuta hakina ufa, hakina jasho.
Naigusisha koili taa yangu ya kupimia,
globu ya indiketa na waya mbili: haiwaki.
Umeme umetoka kwenye ufunguo mzima,
volti zake kumi na mbili,
na njiani umetoweka
kama mgeni aliyeaga sebuleni asionekane getini.

Nafuata waya. Kitabu cha kiwanda kinasema bluu, mstari mweusi.
Lakini chini ya dashibodi bluu inakutana na kahawia,
fundo la mkanda wa kitambaa, la mkono ninaoujua:
mizunguko mitatu, ncha imekatwa kwa meno.
Kahawia haimo kitabuni.
Inapita chini ya zulia, chini ya kiti
alichokalia mama miaka yote hiyo,
inarudi, inapanda nyuma ya kisahani cha majivu
cha mtu ambaye hakuvuta sigara hata moja.

Nachomoa kisahani.
Swichi. Ndogo, ya taa ya kitandani,
imelazwa upande wa kuzima.

Mama anaitazama muda mrefu.
"Miaka ile ya giza," anasema, "ya foleni za mkate,
magari yakiibwa injini zikiwa bado za moto,
alikuwa akirudi usiku, anabaki garini dakika moja zaidi.
Mimi juu, dirishani, nahesabu.
Nilidhani hataki kuingia ndani."

Anaibonyeza mwenyewe, kwa kidole gumba. Anazungusha.
Ngu, na papo hapo inashika,
moshi, mtetemo, kunguru wanaruka kwenye waya za umeme,
Tariel anapiga makofi: nilisema kabureta!

Ni saa sita kasoro robo.
Mama anasikiliza injini mpaka ngurumo inatulia,
kisha anapeleka mkono nyuma ya kisahani,
na kimya kinarudi uani.
Hashuki.

"Mpigie yule wa Zestaponi," anasema.
"Mwambie halishiki."